Namba zinapendeza, lakini sina amani nazo

Shikamoo Mshauri,

Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili katika chuo kimoja hapa Dar es Salaam. Nimekuwa msomaji wa safu hii kwa muda mrefu, lakini sikufikiri kwamba siku moja ningeiandikia. Suala langu si la ndoa wala mirathi, ingawa linagusa familia, na naomba uniwie radhi kwa urefu wa maelezo, kwa sababu nikiyafupisha nitaonekana ninamsingizia mtu.

Utafiti wangu unahusu vikoba, yaani vikundi vya kuweka na kukopa, na ukuaji wa biashara za wanawake wanaouza katika masoko matatu ya Temeke. Orodha niliyopewa na viongozi wa vikundi ilikuwa na wanawake 1,200, nami nikatumia kanuni ya Yamane ya kukokotoa ukubwa wa sampuli, kwa kiwango cha makosa cha asilimia 5, nikapata sampuli ya watu 300. Kwa kuwa nimeajiriwa na ruhusa niliyopata kazini ilikuwa fupi, nilichukua wasaidizi watatu wa kukusanya data, nikawalipa shilingi 2,000 kwa kila dodoso lililojazwa. Wawili nilisoma nao. Wa tatu ni mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, ambaye alikuwa amemaliza chuo na hajapata kazi. Yeye nilimpa soko la Mbagala, madodoso 90.

Aliyarudisha yote ndani ya siku tatu, yamejazwa vizuri, hakuna hata swali moja lililoachwa wazi. Nilimlipa na kumsifu mbele ya mama yake. Shida ilianza nilipokuwa ninaingiza data kwenye SPSS, programu ya kuchambua takwimu. Sehemu ya pili ya dodoso ina kauli 12, kama vile "Kikoba kimeniongezea mtaji", "Kikoba kimenifundisha nidhamu ya fedha na kimeniongezea wateja", na "Wanachama wenzangu hunisaidia nikipata shida". Mtafitiwa huchagua kuanzia 1, yaani hakubaliani kabisa, hadi 5, yaani anakubaliana sana. Katika madodoso ya Mbagala, kurasa nyingi zina alama za vema zilizoshuka katika safu moja tangu kauli ya kwanza hadi ya mwisho: huyu nne tupu, yule tano tupu. Kalamu ni ile ile ya bluu yenye wino mzito, na mwandiko kwenye sehemu za kujieleza ni mmoja. Kilichonipa faraja kidogo ni mauzo ya siku. Wasaidizi wengine waliniletea namba za jumla jumla, shilingi 50,000, 80,000, 100,000, lakini yeye alileta namba kamili, kwa mfano 47,300 na 62,850, nikaona basi aliuliza kwa makini.

Nilipopima alfa ya Cronbach, kipimo cha uthabiti wa majibu ambacho kikikaribia 1 huhesabiwa kizuri, kwa madodoso yote 300 nilipata 0.84, na msimamizi wangu akaandika pembeni mwa sura ya tatu, "Vizuri sana." Usiku mmoja nikajaribu kupima bila yale 90, ikashuka hadi 0.63. Nikapima yale 90 peke yake, ikawa 0.97. Isitoshe, uhusiano kati ya alama za kauli hizo na ukuaji wa mauzo, ambao ndio hoja kuu ya tasnifu yangu, unajitokeza wazi nikitumia madodoso yote, lakini nikiyatoa ya Mbagala hauna tena uzito kitakwimu, yaani unaweza kuwa umetokea kwa bahati tu.

Nimepangiwa kutetea tasnifu mwezi ujao. Ada ya muhula wa ziada sina, na sehemu ya ada niliyokwisha kulipa ilitoka kwa huyo huyo mama mdogo, ambaye ndiye aliyenilea tangu mama yangu alipofariki. Nilimgusia mdogo wangu kwa mzaha, nikamuuliza kama akina mama wa Mbagala hukubaliana na kila kitu. Akacheka, akasema, "Dada, wale wanakipenda kikoba chao, wangekataa nini?" Sikuendelea.

Rafiki yangu mmoja ananiambia data ni data, msimamizi ameshapitisha, na kwamba nusu ya wanaovaa joho hapa mjini wana madodoso waliyoyajaza wenyewe chini ya mwembe. Mwingine ananiambia niyachane yale 90 nisahau. Mimi naona nina njia mbili tu: ninyamaze nimalize, au niseme, nianze upya, na nivunje undugu. Dodoso moja huchukua kama dakika 25 kulijaza, kwa hiyo kuanza upya si mchezo. Je, alfa ya 0.84 haitoshi kunilinda? Na nikisema, nitamwambia nini mama mdogo?

Mwenye Mashaka, Temeke


JIBU LA MSHAURI

Marahaba, mwanangu, na pole kwa mzigo unaoubeba wakati wenzako wanafikiria kupima joho.

Nikiielewa barua yako sawasawa, una madodoso 300, na 90 kati yake yana sura usiyoiamini. Ukiyaacha ndani, kipimo kinapanda na hoja yako inasimama. Ukiyatoa, kipimo kinashuka na hoja inalegea. Aliyeyaleta ni mtoto wa mwanamke aliyekulea, na tarehe ya utetezi inakaribia. Hapo wewe umeona njia mbili, kunyamaza au kuvunja kila kitu. Nitakuomba turudi nyuma kidogo, kwa sababu baadhi ya mambo unayoyachukulia kuwa yamekwisha kuthibitika bado hayajathibitika, na mengine uliyoyaona kuwa faraja mimi yananitia wasiwasi kuliko yale yaliyokunyima usingizi.

Nianze na hiyo alfa. Lee Cronbach alipoieleza mwaka 1951 hakuwa anatengeneza kifaa cha kupima ukweli wa majibu. Alfa hupima kama kauli za kundi moja zinakwenda pamoja, yaani kama mtu aliyetoa alama ya juu kwenye kauli moja ana mwelekeo wa kutoa alama ya juu kwenye nyingine. Haimjui aliyeshika kalamu. Mtu mmoja akikaa kivulini akaamua huyu apewe nne zote na yule tano zote, alfa itakaribia 1, na SPSS itaichapisha kwa adabu ile ile inayochapisha namba za kweli. Mizani ya muuza nyama iliyochezewa hupunguza gramu zile zile kila siku. Ni thabiti kabisa, na mnunuzi anaibiwa kila siku. Ndiyo maana nisingeshituka sana kwa 0.63 ya masoko yale mawili. Ningeshituka kwa 0.97 ya Mbagala, kwa sababu hata kauli zilizotungwa kwa ustadi mkubwa, zikijibiwa na wanawake 90 wenye maisha tofauti, ni nadra kufika huko, na zikifika, mara nyingi ni ishara kwamba kauli zinarudia jambo moja kwa maneno tofauti au kwamba majibu hayakutoka kwenye vichwa 90.

Ile 0.70 inayotajwa katika vyuo vyetu kama mpaka wa kufaulu na kufeli hunasibishwa na Jum Nunnally, katika toleo la 1978 la kitabu chake kuhusu nadharia ya upimaji katika saikolojia. Yeye aliitaja kwa utafiti ulio katika hatua za mwanzo, na akataka 0.90 au zaidi pale ambapo uamuzi mzito kuhusu mtu unategemea alama hizo. Cronbach mwenyewe, katika makala iliyotoka mwaka 2004 baada ya kifo chake, alieleza kwamba hakuiona tena kanuni yake kuwa njia inayofaa zaidi ya kuchunguza data nyingi. Kwa hiyo unaponiuliza kama 0.84 inatosha kukulinda, nadhani unaipa kazi ambayo hata mwenyewe aliyeianzisha hakuipa.

Na hiyo 0.63 nayo nataka niitetee kidogo. Tazama kauli tatu ulizoninukulia. Ya kwanza inauliza kuhusu mtaji, ya tatu kuhusu kusaidiana wakati wa shida. Mama anaweza kuwa na kikoba kinachomfariji msibani na kisimwongezee hata shilingi ya mtaji, na akijibu kwa ukweli, majibu yake mawili yatapishana, na alfa itashuka kwa sababu amesema kweli. Ya pili inauliza mambo mawili kwa pumzi moja, nidhamu ya fedha na wateja. Aliyepata nidhamu asipate wateja ataweka vema wapi? Halafu kauli zote tatu zimeelekea upande mmoja, upande wa kusifu. Hakuna hata moja kati yake inayosema, kwa mfano, kwamba marejesho ya kila wiki yanamla mtu faida. Kama na zile tisa nyingine ziko hivyo, dodoso lako halina mtego wa kumnasa mtu anayeitikia "ndiyo" kwa kila kitu, awe ni msaidizi mvivu au mama mwenye wateja watatu mbele yake anayetaka umalize uondoke.

Jaribu kuzigawa kauli 12 kufuatana na maudhui yake, uzipime kila kundi peke yake. Ila ujue kwamba kauli zikipungua, alfa hupungua hata kama ubora haujabadilika. Kauli 4 ambazo uhusiano wa wastani kati yake ni 0.30 hutoa alfa ya 0.63, kauli 12 zenye uhusiano huo huo wa 0.30 hutoa 0.84. Umeona? Ni namba zako zile zile mbili, na hakuna aliyefanya jambo jema wala baya, ni idadi tu. Ujue pia kwamba kipimo chenye kelele nyingi, yaani makosa ya kubahatisha, hufifisha uhusiano uliopo. Kwa kipimo chenye utegemeaji wa 0.63, kama hiyo alfa yako, uhusiano ambao kwa kweli ni 0.50 utaonekana kama 0.40 hivi, hata kama mauzo yangepimwa bila kosa lolote. Kwa hiyo hoja yako kulegea katika masoko mawili si lazima iwe na maana kwamba vikoba havisaidii biashara. Huenda dodoso ndilo lililokuwa butu, na hilo linaweza kuandikwa kwenye tasnifu na kutetewa bila aibu.

Sasa tumfikie mdogo wako, na hapa naomba twende taratibu.

Mwandiko mmoja na kalamu moja ya bluu peke yake si ushahidi. Mama anayeparua samaki hawezi kushika karatasi yako. Anayejaza ni msaidizi, mama anajibu kwa mdomo. Fungua madodoso ya wale wasaidizi wengine wawili, nina hakika utakuta huko pia kurasa nyingi zina mwandiko wa mtu mmoja. Kilichonishitua mimi ni zile namba kamili za mauzo ulizozipenda. Watu wanapoulizwa umri au kipato bila kumbukumbu iliyoandikwa, huzungusha. Wataalamu wa sensa wanalijua hili kwa kina, kiasi kwamba wana kipimo chake, fahirisi ya Whipple, inayoanzia 100 pale ambapo hakuna aliyezungusha umri, hadi 500 pale ambapo kila mtu ametaja umri unaoishia na 0 au 5. Muuza nyanya akiulizwa ameuza kiasi gani jana atakuambia elfu hamsini, elfu themanini. Zile namba za jumla jumla za wasaidizi wengine, ambazo ulizidharau kidogo, zina harufu ya soko. 47,300 na 62,850, moja baada ya nyingine kwa madodoso 90, zinataka maelezo. Maelezo yanaweza kuwapo, kwani huenda wanawake wa huko wana daftari la mauzo na mdogo wako alinakili. Hilo ni jambo la kuuliza, na linajibika.

Upo pia muda. Madodoso 90 kwa siku tatu ni 30 kwa siku, na kwa dakika 25 kila moja hiyo ni saa kumi na mbili na nusu za kuhoji mfululizo, bila kula, bila kusubiri mama amhudumie mteja. Hesabu hiyo haikubali mahojiano ya mtu mmoja mmoja, lakini bado haisemi kwamba alibuni. Ninavyovijua vikoba, watu thelathini kukaa pamoja katika kikao cha wiki si ajabu. Inawezekana kijana alikwenda kwenye kikao, akasoma kauli kwa sauti, akina mama wakaitikia, mwenyekiti akiwaangalia, naye akajaza. Kama ilikuwa hivyo, wanawake hao wapo na walisema walichosema, wala mdogo wako hakudanganya kwa namna unayoiogopa. Lakini majibu yao hayakuwa huru, maana nani atasema mbele ya wenzake kwamba kikoba hakijamsaidia? Kitakwimu hutakuwa na watu 90 bali vikao vichache. Ona basi kwamba kati ya "alihoji vizuri" na "alijaza chini ya mwembe" kuna hali ya tatu, ambayo ina dawa tofauti na lawama ndogo zaidi.

Utajuaje? Njia ninayoiona kuwa na hasara ndogo ni kuhakiki. Yape madodoso 90 namba, upige kura uchague kama 15, usichague yale yanayokutisha tu. Kisha wewe mwenyewe au mmoja wa wale wasaidizi wengine apige simu au aende Mbagala. Usirudie maswali ya maoni, kwa kuwa maoni hubadilika. Uliza mambo yasiyobadilika, yaani anauza nini, aliingia kikoba mwaka gani, kama alihojiwa, na kama alikuwa peke yake au kwenye kikao. Hata kama ni dodoso moja tu kati ya kila matano lililobuniwa, uwezekano wa kuhakiki 15 bila kukutana na hata moja la namna hiyo hauzidi asilimia 4. Namba ya simu isiyopatikana isiwe hukumu, watu hapa mjini hubadilisha laini, ila namba nyingi zisizopatikana kwa pamoja zina lake jambo. Kabla ya kupiga, isome karatasi ya ridhaa waliyosaini. Kama haikusema kwamba wanaweza kutafutwa tena kwa uhakiki, muulize msimamizi au kamati ya maadili, kwani tangu tuwe na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, namba ya simu ya mtu si kitu cha kutumia utakavyo.

Unaweza kuzungumza na mdogo wako kabla ya uhakiki au baada yake, na kila moja ina gharama. Ukianza naye, unampa nafasi ya kusema mwenyewe, ila unampa pia nafasi ya kuwapigia simu akina mama wawili watatu. Ukianza na uhakiki, utakuwa na ukweli mkononi, naye akija kujua atahisi ulimpeleleza. Vyovyote utakavyochagua, swali la "ulibuni?" halina jibu zuri, kila mtu hujibu hapana. Mwombe akusimulie siku ya kwanza alipofika sokoni alianzaje, nani alimpokea, walikaa wapi. Ukiwa katika mazungumzo hayo, kumbuka pia kwamba ulimlipa kwa idadi. Sijui nauli ilikuwa ya nani. Kijana asiye na kazi anayelipwa 2,000 kwa karatasi na si kwa saa, ameambiwa bila maneno ni kitu gani kinachothaminiwa. Silitaji hili ili kukulaumu, watafiti wenye fedha nyingi kuliko wewe hufanya hivyo hivyo, lakini linaweza kulainisha sauti yako utakapomuuliza.

Halafu kuna data yenyewe. Rafiki aliyekuambia uyachane alikosea jambo moja: karatasi haichanwi, hata isipotumika, kwa sababu siku ikiulizwa, karatasi iliyopo ni ushahidi kwamba hukuficha, na iliyochanwa ni ushahidi wa kinyume. Kuyaondoa kwenye uchambuzi ni suala lingine. Ukibaki na 210, kwa kanuni ile ile ya Yamane kiwango cha makosa kinatoka asilimia 5 kwenda kama asilimia 6.3, ambayo si msiba. Hasara kubwa ni kwamba soko zima litatoweka, na tasnifu yako itakuwa inazungumzia masoko mawili. Itabidi useme hivyo hadi kwenye kichwa cha habari. Na ukiondoa, uondoe kwa kanuni iliyoandikwa kabla ya kuangalia matokeo, inayotumika kwa masoko yote. Ukisema dodoso lolote lenye jibu moja kwa kauli zote 12 halitatumika, basi lile la masoko mengine mawili lenye sura hiyo nalo litoke. Huenda ukayakuta. Mpaka sasa umemchunguza mmoja tu kati ya wasaidizi watatu.

Unaweza pia kurudi Mbagala mwenyewe ukahoji wachache, tuseme 30, ukawalinganisha na yale 90. Itakugharimu wikiendi kadhaa na huenda ruhusa yako ya utafiti ikahitaji kuongezwa muda. Au unaweza kuweka majedwali mawili, moja la madodoso yote na jingine bila ya Mbagala, ukaeleza kwa nini yanapishana. Njia hiyo ni ya wazi, ila mtahini mkali atakuuliza kwa nini umebakiza kabisa kitu usichokiamini, na ujiandae na jibu.

Kunyamaza nako ni njia, sitajifanya haipo. Wapo walionyamaza wakahitimu. Lakini uipime kwa macho makavu: kuanzia sasa wewe ndiye unayejua, na tasnifu hukaa maktaba ambako mwingine anaweza kuifungua. Mwaka 2015 jarida la Science lilifuta makala ambayo data yake ililetwa na mwanafunzi wa uzamivu nchini Marekani. Watafiti vijana waliotaka kuendeleza kazi hiyo waliona, pamoja na mengine, kwamba majibu ya watu yalikuwa thabiti mno kutoka awamu moja hadi nyingine. Aliyeomba makala ifutwe ni mwandishi mwenza, Profesa Donald Green, ambaye aliipokea data hiyo kwa kuamini. Yeye alikuwa na jina kubwa la kupoteza na bado akaandika barua.

Kuhusu msimamizi, umeshaamua moyoni kwamba atakuambia uanze upya. Unajuaje? Aliandika "Vizuri sana" akiwa ameona namba moja. Zile nyingine mbili unazo wewe. Wasimamizi wengi wangependa kuzisikia kwako ofisini kuliko kuzisikia kwa mtahini wa nje mbele ya jopo, na vyuo vingi huruhusu marekebisho baada ya utetezi bila kumrudisha mtu mwanzo. Inawezekana pia wako ni mkali na akasogeza tarehe. Hapo suala la ada ni la kweli, na ni vizuri uulize mapema ofisi inayohusika kama kuongezewa muda kwa sababu ya kuhakiki data kunalipiwa, badala ya kuishi na hofu ya kiasi usichokijua.

Na mama mdogo. Umelifunga suala lake pamoja na la mdogo wako kana kwamba kumuuliza mmoja ni kumshitaki kwa mwingine. Deni lako kwake ni la malezi na ada, sidhani kama alikulipia ili matokeo yatoke upande fulani. Ukimweleza mapema, kabla hujahakiki, unaweza kuwa umempa habari mbaya ambayo si ya kweli. Ukimficha na akasikia kwa mwanawe, itauma kwa namna nyingine. Kama utetezi utasogea na akauliza kwa nini, unaweza kumjibu kile kile utakachokiandika kwenye sura ya tatu, kwamba data ya Mbagala inahakikiwa. Jina la aliyeikusanya halihitajiki katika sentensi hiyo, na mdogo wako akitaka kulitaja mwenyewe, hiyo itakuwa hiari yake.